Mashua Ndogo ya Alumini: Kuipatia Viti na Vifaa vya Uvuvi

Kijarida hiki kimeandikwa kwa ajili ya mkulima ambaye shamba lake limefika ukingoni mwa maji, naye baada ya kazi ya jembe huingia ziwani kutafuta kitoweo, na pengine karo ya watoto wake. Watu wa namna hii ni wengi kando ya Ziwa Victoria, katika Tanzania, Uganda na Kenya, na kando ya maziwa na mabwawa mengine. Vyombo vyao aghalabu ni mitumbwi na mashua za mbao, nao wamejifunza kwa baba zao namna ya kuvitunza. Lakini mara nyingine mtu hupata mashua ya alumini, mpya au kuukuu, naye huikuta tupu: bamba jepesi lililokunjwa, benchi tatu ngumu za kukalia, na tundu moja la kutolea maji. Mara hiyo hutamani kuitengeneza. Ataka kiti chenye mgongo, sakafu ya mbao, mahali pa betri na taa, na sanduku la samaki. Tamaa hiyo si mbaya. Walakini alumini ina tabia zake, na fundi wa mbao aliye hodari, asipozijua tabia hizo, aweza kuigeuza mashua njema kuwa mtego wa kuua watu.

SUFURIA NA MWIKO

Twaa sufuria ya alumini na mwiko wa mti, uvitie katika pipa la maji. Sufuria ikiwa tupu huelea vizuri kabisa. Ikijaa maji huzama mara moja hata chini. Mwiko huelea siku zote. Hiyo ndiyo tofauti ya mashua ya alumini na mtumbwi. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji aghalabu hubaki karibu na uso wa ziwa, na wavuvi wakiushikilia waweza kuokoka. Mashua ya alumini ikijaa maji haina kitu cha kuizuia isizame, isipokuwa kile kilichotiwa ndani yake na walioitengeneza.

Kitu hicho ni povu gumu, nalo hukaa ndani ya benchi. Kwa hiyo usidhani kwamba benchi ni mahali pa kukalia tu. Inashika mbavu mbili za mashua zisitanuke wala kubonyea mawimbi yanapopiga, na tena ni ghala ya kile kitakachowaokoa watu siku ya msiba. Huko Marekani, ambako mashua hizi hutengenezwa kwa wingi, sheria ya usalama wa mashua ilitolewa mwaka 1971, na kanuni zilizotoka katika sheria hiyo zinataka mashua nyingi za injini zisizofika urefu wa futi 20 ziwe na kitu cha kuelea cha kutosha, ili zikijaa maji zisiende chini.

Basi jambo la kwanza ambalo wenye mashua hupenda kufanya ndilo baya kuliko yote, nalo ni kuikata benchi ya katikati ili nyavu zipate nafasi. Nimeona zaidi ya mara moja mashua iliyotendwa hivyo. Baada ya miezi michache mbavu zake hucheza, ribiti hulegea, na maji huanza kuingia kidogo kidogo. Na povu lililokuwa ndani ya benchi limekwisha kutupwa au kufanywa mto wa kulalia. Ikiwa hapana budi kupata nafasi katikati, usiondoe benchi mpaka umekwisha kutia viungo vingine vya kushika mbavu, pamoja na visanduku viwili virefu vya pembeni vyenye povu lisilopungua lile la kwanza. Kazi hiyo yataka fundi wa alumini, si wa mbao. Lililo bora ni kuiacha benchi mahali pake na kuzikunja nyavu kati ya benchi na benchi.

Povu lenyewe huzeeka. Likinywa maji halina faida, bali ni mzigo. Ukinunua mashua kuukuu, waite watu wawili muinyanyue. Ikiwa nzito kuliko ilivyopasa kuwa kwa bamba jembamba kama lile, fungua benchi moja ulitazame povu. Likiwa limelowa na kuoza, litoe lote. Ukikosa povu jipya, madumu ya plastiki ya lita 20, yaliyo matupu na kufungwa barabara, yafaa sana. Hesabu yake ni rahisi, nami nataka msomaji aifanye mwenyewe kwa mashua yake.

Alumini ina uzito wa mara 2.7 kuliko maji. Mashua yenye uzito wa kilo 81, ikizama yote, inasukuma lita 30 za maji, yaani inapunguziwa kilo 30. Zasalia kilo 51. Injini ndogo iliyozama tuihesabu kilo 20, na nanga, mnyororo na zana nyingine kilo 9. Jumla ni kilo 80. Dumu la lita 20 lainua kilo 20, nalo lenyewe lina uzito upatao kilo 1, basi faida yake ni kilo 19. Madumu manne hayatoshi, maana yainua kilo 76 tu. Madumu matano yainua 95, na mashua haitazama, lakini mtu akijaribu kuipanda itakwenda chini pamoja naye. Ongeza mawili kwa ajili ya watu watatu watakaoshikilia ukingo huku miili yao imo majini. Jumla ni madumu saba.

Yafungwe wapi? Si sakafuni. Kitu chepesi kikiwekwa chini ya mashua iliyojaa maji hujitahidi kupanda juu, nacho huigeuza mashua ikawa kifudifudi, na mgongo wa alumini ulio laini hauna mahali pa kushika. Yafungwe pembeni, juu kadiri iwezekanavyo, chini ya ukingo na chini ya ncha za benchi, kwa kamba zisizoweza kufunguka, upande huu sawasawa na upande ule. Povu jeupe lililo jepesi, linalotumiwa kufungia vyombo vya umeme visivunjike, huyeyuka likiguswa na petroli. Basi usilitumie karibu na tanki.

KIMO CHA KITI NA UZITO WA WATU

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 walikufa. Kilikuwa kimechukua watu zaidi ya mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa. Kile kilikuwa chombo kikubwa cha chuma, na sisi twazungumza habari za mashua ya futi 12 au 14, lakini maji hayatofautishi. Uzito ukizidi, na uzito ukiwa juu, na watu wakihamia upande mmoja kwa ghafula, chombo hupinduka.

Mashua nyingi za alumini zina kibao kidogo kilichopigiliwa karibu na tezi, kinachotaja mzigo wa juu kabisa. Vile vilivyotoka Marekani hutaja kwa ratili. Kilo 1 ni ratili 2.2. Uzito ule ni pamoja na watu, injini na vyombo vyote, wala si watu peke yao. Kibao kikiwa kimepotea, wapo wanaotumia kanuni hii: zidisha urefu kwa upana, vyote kwa futi, kisha gawanya kwa 15. Mashua ya futi 12 kwa 4 yapata 48, na 48 ukigawanya kwa 15 ni 3 na kitu. Basi ni watu watatu. Ya futi 14 kwa 5 yapata 70, nayo ni watu wanne. Hayo ni kwa siku ya shwari. Gunia la mahindi la kilo 90 lihesabu kuwa mtu mmoja na zaidi, maana tofauti na mtu, gunia haliegemei upande wa pili mashua inapolala.

Sasa twaja kwenye kiti chenyewe. Katika picha za mashua za Marekani huonekana kiti kirefu chenye mguu mmoja, kizungukacho kama kiti cha kinyozi. Wale hukitumia katika mashua pana zenye tako bapa, kwenye maji yaliyotulia, kwa kuvua kwa ndoano. Huku kwetu mvuvi huinama na kuvuta wavu juu ya ukingo, na upepo wa ziwa huja bila hodi. Mtu mwenye uzito wa kilo 70 akiinuliwa futi moja tu, mashua nyepesi kama hii huanza kuyumba kama mlevi. Kiti kisipite kimo cha benchi iliyopo ila kwa unene wa mto na ubao wake, yaani inchi 3 au 4. Mwenye kutaka raha ya mgongo na aweke egemeo, asiinue tako.

Egemeo na ubao wake vifungwe namna hii. Kata ubao wa plaiwudi, unene wa nusu inchi, upana sawa na benchi. Funga kiti juu ya ubao kwa bolti ambazo vichwa vyake vimedidimizwa upande wa chini visikwaruze alumini. Kisha ufunge ubao kwenye benchi kwa mikanda miwili imara inayoizunguka benchi yote, au kwa vipande viwili vya mbao vinavyoibana benchi mbele na nyuma. Kwa njia hii hukutoboa tundu lolote, na jioni waweza kukitoa kiti ukakipeleka nyumbani, maana kitu kizuri kilichoachwa pwani hakilali peke yake. Ikiwa benchi haikufungwa chini, na mkono wako waweza kufika kushika nati, bolti zaweza kupita, mradi uweke bamba la pili chini yake la kugawa uzito. Bamba la benchi ni jembamba, na nati peke yake itapasua tundu likawa pana. Usitoboe kamwe sehemu yoyote ya mashua inayokaa chini ya maji, wala usipige skurubu kutoka ndani bila kwanza kupima urefu wake. Skurubu ndefu kuliko ubao huchungulia upande wa pili, na huko upande wa pili ni ziwa.

Mpange watu na mizigo kabla ya kufunga kitu chochote. Itie mashua majini penye kina cha magoti, injini ikiwa mahali pake, dereva akae nyuma, kisha simama kando uitazame. Omo ikiwa imeinuka na tezi imedidimia, maji yataingia kwa nyuma wimbi la kwanza litakapokuja. Tanki la petroli na betri huwekwa nyuma kwa desturi, kwa sababu ndipo injini ilipo. Lakini kwa mpira mrefu zaidi na waya mnene zaidi vyaweza kusogezwa mpaka karibu na benchi ya katikati, na mashua ikakaa sawa. Mkono wa injini nao waweza kurefushwa kwa kipande cha bomba la plastiki kilichobanwa vizuri, ili dereva asogee mbele kwa futi moja na nusu. Jambo hili ni la gharama ndogo sana, nami naliona kuwa na faida kuliko kiti cha thamani.

METALI ZISIZOPATANA

Alumini haishiki kutu kama chuma. Hewa ikiigusa hufanya ngozi nyembamba sana isiyoonekana, nayo ngozi hiyo huilinda. Ndiyo sababu mashua isiyopakwa rangi yaweza kudumu miaka mingi katika maji matamu ya Ziwa Victoria. Katika maji ya chumvi ya bahari, au maji ya magadi kama ya Ziwa Turkana, haidumu hivyo.

Lakini alumini ikiguswa na shaba, na pote pawili pamelowa, shaba hubaki nzima na alumini huliwa. Chuma kitupu nacho huila, ingawa polepole zaidi. Basi usitumie misumari wala skurubu za shaba, hata kama fundi asema kwamba ndizo zinazofaa majini. Maneno yake ni kweli kwa mashua ya mbao. Skurubu za chuma kisichoshika kutu zafaa, kwa kuwa ni ndogo na bamba la alumini ni kubwa. Hata hivyo weka kati yake na bamba vizuizi vilivyokatwa katika plastiki ya dumu kuukuu. Chuma kilichopakwa zinki chafaa maadamu zinki haijakwisha. Sarafu au kipande cha waya wa shaba kikianguka sakafuni na kulala chini ya mbao katika maji, baada ya muda waweza kukuta tundu mahali pale.

Mkulima ana hatari zake mwenyewe ambazo mvuvi wa Marekani hazijui. Mbao na nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa, zile zenye rangi ya kijanikibichi, aghalabu zina shaba katika dawa yake. Ni njema kwa ua wa ng'ombe, lakini usizitumie kwa sakafu wala kiti cha mashua ya alumini. Mrututu na dawa nyingine za shaba zinazopuliziwa kahawa zina shaba vilevile. Mfuko uliopasuka ndani ya mashua ukalowa ni kama asidi iliyomwagwa. Mbolea ya chumvichumvi, chokaa, saruji na majivu yaliyolowa navyo huila ngozi ya alumini. Ukivichukua kwenda kisiwani, vitie juu ya turubai, na ukifika uioshe mashua kwa maji mengi. Usiisugue kwa majivu kama usuguavyo chungu.

Tena iko zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika nchi za kando ya ziwa huitumia kukamatia dhahabu, na huenda mmoja akaomba kuchukuliwa pamoja na chupa yake. Tone moja la zebaki likipata mkwaruzo katika alumini huiondoa ile ngozi ya ulinzi na kuizuia isirudi; bamba huota ukungu mweupe kama manyoya, nalo hulika mpaka kutoboka. Kwa sababu hii zebaki hairuhusiwi kupakiwa ovyo katika ndege, ambazo nazo ni za alumini. Mtu na apande, chupa ibaki.

Rangi nayo ichaguliwe. Rangi nyekundu ya risasi, iliyotumiwa zamani kuzuia kutu ya chuma, haifai, wala rangi ya shaba inayopakwa chini ya meli. Sugua bamba kwa msasa, lioshe, paka rangi ya kwanza iliyofanywa kwa ajili ya alumini, ndipo upake nyingine. Ndani paka rangi ya kijivu isiyong'aa: nyeupe huumiza macho wakati wa adhuhuri, na nyeusi huunguza nyayo.

SAKAFU

Sakafu ya mbao yafaa kwa sababu tatu: mguu hautelezi, samaki hawasikii kishindo, na bamba haliumizwi na nanga. Tumia plaiwudi ya nusu inchi iliyopakwa rangi pande zote mbili, na hasa kingoni, maana huko ndiko maji huingilia. Iwe vipande vitatu au vinne visivyopigiliwa, kila kipande kimeshikwa kwa kigingi au mkanda, ili viweze kutolewa kila juma na ngama kusafishwa. Acha nafasi ya inchi moja kando kando maji yapite mpaka kwenye tundu la tezi. Usitandike zulia wala magunia: hushika maji, matope na magamba ya samaki, na chini yake alumini huoza bila mtu kuona.

MAKASIA, NANGA NA TAA

Injini si sababu ya kuacha makasia. Injini huzimika, na katika Ziwa Victoria upepo wa usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani, ukiichukua mashua isiyo na kasia mbali na nyumbani. Mpiga makasia hukaa benchi ya katikati, uso wake ukielekea tezi. Vishwara, au vyuma vya kushikia kasia, viwe inchi 12 nyuma ya ukingo wa benchi ulio upande wa tezi. Urefu wa kasia hupatikana hivi: pima upana wa mashua mahali pa vishwara, twaa nusu yake, ongeza inchi 2, gawanya kwa 7, kisha zidisha kwa 25. Upana ukiwa inchi 48, nusu ni 24, na 2 ni 26. Jibu ni inchi 93 hivi, yaani futi 7 na inchi 9. Kasia fupi kuliko hiyo huchosha mikono bila kuendesha chombo. Kishwara cha kamba ni kizuri kuliko cha chuma, kwani hakilii wala hakili ukingo.

Nanga ifungwe omo, si tezi. Tezi ndiyo sehemu iliyo chini, tena imebeba injini. Mashua iliyofungwa nanga kwa nyuma hupokea mawimbi mahali penye ukingo mfupi, nayo yaweza kujaa kwa muda mfupi sana. Hata mvuvi akiona raha kukaa nyuma karibu na kamba, asifanye hivyo. Kamba iwe mara 5 ya kina cha maji siku ya shwari, na mara 7 siku ya upepo: kina cha futi 20 chataka kamba ya futi 140. Mahali pa kufungia kamba pawe na bamba la pili chini yake, maana pasipo hilo nanga iliyokwama itang'oa kipande cha mashua. Mnyororo ukae ndani ya ndoo, usitambae juu ya alumini.

Wanaovua dagaa usiku hutumia taa, na siku hizi nyingi ni za betri na za nguvu ya jua. Waya mmoja utoke kwenye betri na mwingine urudi. Usiufanye mwili wa mashua kuwa waya mmoja, kama ilivyo desturi katika motokaa, kwa sababu umeme upitao katika alumini iliyomo majini huila. Weka fyuzi karibu na betri, na betri iwe ndani ya sanduku la plastiki lililofungwa mkanda. Anayetumia bado taa ya mafuta ya kupampu aikae mbali na tanki: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hulala ngamani kama maji, na hauonekani. Petroli ijazwe nchi kavu. Zaidi ya taa ya kuvutia samaki, iwepo taa moja nyeupe inayoonekana pande zote, imeinuliwa juu ya mti, ili meli zikuone.

Vitu vilivyosalia nitavitaja upesi. Koti la kuelea kwa kila mtu, nalo livaliwe, lisikaliwe. Kamba ya kuzimia injini ifungwe kwenye mguu au mkono wa dereva, ili akianguka injini isimame badala ya kuzunguka na kumrudia. Upo wa kufulia maji hukatwa katika dumu la lita 5, mshikio ukiachwa. Fanya mbili, kila mmoja ufungwe kwa uzi, kwani kitu cha kwanza kuelea na kwenda zake mashua inapojaa ni upo usiofungwa. Kisu kikali kikae mahali ambapo mkono utakifikia gizani, kwa kukata wavu au kamba iliyomshika mtu mguu. Sanduku la samaki na barafu liwekwe katikati chini, wala lisipite kimo cha benchi. Lina uzito wa mtu mzima likijaa. Ukingo wote upitishiwe mkono polepole: kila ncha ya bolti itakayochana kiganja itachana wavu pia, basi ikatwe na kusuguliwa.

KUJARIBU MASHUA KABLA YA KUITIA MAJINI

Kazi yote ikiisha, iweke mashua juu ya magogo matatu, penye kivuli, nje yake pamekauka kabisa. Tia maji ndani mpaka yafike inchi 3 au 4, yasizidi, maana maji ni mazito na bamba halikufanywa kubeba mzigo wa namna hiyo likiwa nchi kavu. Ngoja nusu saa. Kisha pita chini ukitazama kila mstari wa ribiti, na kila penye tone piga alama kwa chaki. Yatoe maji, ukaushe. Ribiti iliyolegea hukazwa na watu wawili: mmoja ashike kipande kizito cha chuma kikigusa kichwa cha ribiti upande mmoja, wa pili agonge kwa nyundo ndogo upande mwingine, mapigo mepesi matatu au manne. Asipige kwa nguvu, kwani bamba likitanuka kando ya ribiti tundu litakuwa baya kuliko lilivyokuwa. Ndipo upake juu yake gundi ya majini inayobaki laini, isiyo ngumu kama saruji, kwa kuwa mashua hunyumbuka. Rudia jaribio siku ya pili.

Kizibo cha tundu la tezi kifungwe kwa mnyororo mfupi kando ya tundu lenyewe. Kiwe na mwenziwe ndani ya sanduku la zana, na dereva akiguse kwa kidole kila alfajiri kabla mashua haijasukumwa.